Dubu wa Mpishi

Mume wangu alikuwa mlinzi katika jumba la maigizo huko Braamfontein kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mchezo hata mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kituo chake kilikuwa kwenye korido, nje ya mlango wa ukumbi mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwazuia waliochelewa mpaka waruhusiwe kuingia, na kuwaelekeza msalani wale waliotoka katikati. Mlango ukishafungwa, alikaa kwenye kiti cha plastiki akasikiliza.

Mchezo mmoja ulichezwa wiki tatu, wakati mwingine nne. Kufika wiki ya pili alikuwa ameshika maneno yote. Kizulu alikijua tangu tulipokuwa tunaishi Alexandra, kabla wageni hawajaanza kushambuliwa, tukakimbia kutoka kule na mtoto mgongoni na kuiacha cherehani yangu ya kwanza. Kiingereza alijifunza pale mlangoni, na ndiyo maana Kiingereza chake kilikuwa cha ajabu. Akienda dukani kununua mkate angeweza kumwambia muuzaji "nakusihi" au "kwa hakika bwana wangu," na muuzaji anabaki amemkodolea macho.

Sote wawili tunatoka Tanga. Mimi ni fundi cherehani. Nina meza yangu ndani ya duka dogo Kensington, ninapunguza suruali, ninabadilisha zipu, ninashona sare za shule, na ikija harusi ninashona magauni. Nilidhani hiyo ndiyo kazi nitakayoifanya mpaka macho yachoke. Kisha asubuhi moja mume wangu akaweka mfuko wa nailoni mezani, karibu na birika la chai.

"Nimekuletea kazi," alisema.

"Kazi gani?"

"Ya bure."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa cha manyoya cha rangi ya kahawia, pamba ya kujazia, macho mawili ya kioo, na kipande cha mahameli nyeusi. Akanieleza. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, pale jumbani hufanyika mnada. Wanauzwa dubu wa kuchezea waliovalishwa kama wahusika wa michezo iliyoonyeshwa mwaka ule, na fedha zote zinakwenda kwenye nyumba moja inayotunza watoto wagonjwa ambao madaktari wamekwishakata tamaa nao. Mama anayesimamia mavazi ya jukwaani alikuwa na washonaji wake wa kujitolea, lakini mmoja amehama nchi na mwingine macho yamemwisha.

"Wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia mke wangu anashona chochote."

"Mimi huyo dubu hata sijawahi kumwona maishani mwangu."

"Na yeye hajawahi kukuona," alisema, akajimiminia chai.

Dubu wangu wa kwanza alikuwa hakimu. Msimamizi wa mavazi alinitumia picha kwenye simu, na mahameli ile ilikuwa ni mabaki ya joho lenyewe alilovaa mwigizaji. Nilimshona kwa siku nne. Niliweka kola nyeupe ya lesi, nikadarizi pindo kwa uzi wa dhahabu, nikamsimamisha juu ya kabati nikiwa nimeridhika. Wakati wa swala nilimfunika kwa shuka, maana sikupenda anitazame nikisujudu.

Mume wangu alimzunguka, akamtazama mbele na nyuma.

"Joho ni lake," alisema. "Mtu si yeye."

"Kwa nini?"

"Huyu amesimama wima. Yule hakimu anaburuta mguu, mmoja unafika kwanza, wa pili unafuata. Na kila akitaka kusema uongo anakohoa kidogo. Hivi." Akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayejitafutia muda.

Basi nikamfumua. Nilipunguza pamba kwenye mguu mmoja mpaka ukalegea, nikamwinamisha kichwa upande, nikamshonea kitambaa cha mkononi kwenye ngumi, karibu na mdomo. Nilipompeleka kwa msimamizi wa mavazi, yule mama alicheka kwa sauti, kisha akawa anamgeuzageuza.

"Ulikuja kuuona mchezo lini?" aliniuliza.

"Sikuuona. Mume wangu ameusikia."

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya kazi, kwa miaka sita. Mume wangu alirudi mimi nimeshalala, lakini baada ya swala ya alfajiri tulikaa jikoni, mimi na sindano yangu, yeye na kikombe cha chai ya tangawizi, akanisimulia. Hakusimulia hadithi tu. Alisimulia nyayo, pumzi, namna mtu anavyoweka kikombe chini akiwa na hasira. Alikuwa na sauti ya kila mtu. Binti yetu alikuwa analala chumba cha pili na mlango wake haukufunga vizuri, akawa anapiga kelele kwa Kiingereza chake, "Baba, tafadhali, watu wanalala!" Mume wangu alipunguza sauti kwa dakika moja, kisha akasahau.

Kilichomshinda kilikuwa ni rangi. Picha nyingine kwenye simu zilikuja na giza la jukwaani, nami nikamuuliza, "Yule bibi harusi aliyetoroka, shali yake ni rangi gani?"

"Mimi nitajuaje?" alisema. Akafikiri. "Ila anaongea kama mtu mwenye shali ya kijani."

Nikaweka kijani. Msimamizi wa mavazi aliniambia baadaye kwamba shali ilikuwa ya bluu, lakini akaiacha.

Sijui tulitengeneza dubu wangapi. Palikuwa na mchimba madini aliyekuwa akizungumza na mkewe aliyekufa, palikuwa na malkia mlevi, palikuwa na mwalimu wa kwaya mwenye viatu viwili tofauti. Siku ya mnada, Jumamosi mchana, mimi nilikaa safu ya nyuma kwa kualikwa, na yeye alikuwa nje ya mlango, kazini. Nikitoka, alikuwa hana haja ya kujua nani amenunua. Alikuwa anauliza, "Walipomwinua mwalimu wa kwaya, watu walicheka au walinyamaza?"

Siku hizi ninajiuliza kwa nini sikuwahi kumwambia yule mama wa mavazi, mpe mume wangu tiketi. Nilikutana naye mara ngapi? Tulikunywa chai naye, alinionyesha chumba chake chenye mavazi ya miaka thelathini, alinipa mabaki ya hariri ambayo mfano wake sikuwahi kuugusa maishani. Neno moja tu lingetosha. Halikunijia. Nilimzoea mume wangu pale mlangoni kama mtu anavyozoea kitasa.

Mwaka ule wa mwisho, mwezi wa Julai, baridi ilikuwa kali na umeme ulikuwa unakatika, nami nilikuwa na magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi, Wakongo, wateja wangu wa siku nyingi. Yalitakiwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi umeme ulikuwepo, nikajua una saa mbili tu, nikawa ninakimbizana na cherehani huku pini ziko mdomoni. Mume wangu akaingia na kikombe chake, akakaa mahali pake.

Jumbani palikuwa na mchezo mpya, juu ya bweni la wafanyakazi wa reli. Nilikuwa nimeshapata habari kwamba nitapewa mmoja wa wahusika wake.

"Kuna mama mmoja kwenye mchezo huu," alianza. "Mpishi wao. Bibie, kila nikimsikia yule mama, namkumbuka..."

Nilitoa pini mdomoni. "Baba watoto, nakuomba. Umeme unakatika saa tatu na haya magauni ni ya Jumamosi. Utanisimulia Jumapili."

"Haya," alisema.

Hakukasirika. Nimeirudia sauti ile mara nyingi sana kichwani, nikitafuta hasira ndani yake, sijaipata. Aliosha kikombe chake, akakipindua kwenye kitambaa, akaenda kulala. Ijumaa hatukuonana, mimi nilitoka mapema na yeye alirudi nimelala.

Jumamosi mchana nilikuwa kanisani kwa Wakongo, nje, nimepiga magoti ninaweka sawa pindo la msindikizaji mmoja, simu ikalia. Alikuwa binti yangu. Yeye Kiswahili anakielewa chote lakini huwa hakisemi. Siku hiyo alikisema.

"Mama, njoo. Baba anashindwa kufunga kifungo. Baba anaongea vibaya."

Kilikuwa kiharusi. Hospitali tulimkuta daktari kijana, mpole, akatuchorea kichwa kwenye karatasi akatuonyesha upande uliopata shida. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa nusu. Akili ipo, alisema, anawaelewa, ila mahali maneno yanapotokea ndipo palipoumia. Yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi.

Lilikuwa limebaki neno moja. Daktari alisema hutokea hivyo, mtu hubakiwa na neno moja au mawili ambayo alizoea kuyasema bila kufikiri, na hayo hutoka hata kama hakuyakusudia. Kwa mume wangu lilikuwa "haya." Ukimuuliza kama ana kiu, haya. Ukimuuliza kama anaumwa, haya. Alilisema kwa kupandisha, kwa kushusha, kwa kuomba, kwa kukataa, na uso wake ulikuwa unaonyesha wazi kwamba anasikia anachosema na sicho alichotaka kusema.

Siku ya tano au ya sita nilivuta kiti karibu na kitanda, nikamuuliza.

"Yule mama mpishi wa kwenye mchezo. Alikuwa anakukumbusha nani? Mama?"

"Haya."

"Dada yako?"

"Haya."

"Ni mtu wa Tanga?"

"Haya."

"Ni mimi?"

Akanitazama. Mdomo wake ukahangaika, ulimi ukatafuta, akasema "haya" kwa sauti ndogo kabisa, na jicho la upande ule uliolegea likatoa machozi. Sikuuliza tena. Niliona ninamtesa kwa ajili ya kujipunguzia mimi mzigo wangu.

Aliyejua la kufanya alikuwa binti yetu. Alikuja jioni moja kutoka chuoni, akaweka begi chini, akasimama miguuni pa kitanda. Akaanza kutembea, mguu mmoja kwanza, wa pili ukifuata kwa kuburutwa. Akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Kisha akasema maneno ya hakimu, kwa Kiswahili cha baba yake, na lafudhi ya Tanga, mwanzo hadi mwisho wa hukumu ile ya uongo. Mtoto niliyedhani hakujali. Akamaliza hakimu akaingia kwa malkia mlevi. Wagonjwa wa vitanda vingine hawakuelewa neno lakini walikuwa wanacheka. Mume wangu alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Tukiwa kwenye basi la kurudi nilimuuliza, "Umejifunza lini yote yale?"

"Mama," alisema, akitazama dirishani, "mlikuwa mnaniamsha kila siku."

Msimamizi wa mavazi alikuja hospitali na maua, na kwenye mkoba wake alikuwa na vitu viwili ambavyo hakujua kama avitoe. Kimoja kilikuwa kipande cha kitambaa cha aproni ya mpishi, pamba nyepesi yenye mistari myekundu. Kingine kilikuwa tiketi ya mchezo wa bwenini, wa Jumamosi mchana.

"Huna haja ya kumshona mwaka huu," aliniambia nje ya wodi. "Nitapata mtu."

"Nitamshona," nikasema.

Jumamosi nikaenda. Kwenye kiti cha plastiki alikuwa amekaa mlinzi mwenzake, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye mvi. Aliponiona alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, pole sana. Ingia, ingia," alisema, akanifungulia mlango ule.

Nilikaa. Taa zilipozima nikafumba macho, nikawa ninasikiliza kama alivyosikiliza yeye. Mpishi aliingia kabla ya kusema neno, sufuria zikigongana mikononi. Aliwafokea wanaume wa reli kwa kutonawa. Alihesabu sahani kwa sauti, na kila mara alihesabu ya mtu aliyekwishaondoka, akaiweka mezani hivyo hivyo. Nilimtafuta ndani ya sauti ile mtu ninayemjua. Mama mkwe wangu alikuwa mkimya, hakuwahi kumfokea mtu. Dada mkubwa wa mume wangu aliwalea wote baada ya baba yao kufa, huyo anaweza kuwa yeye. Mimi pia ninafoka. Mimi pia nilikuwa ninamwekea sahani na kuifunika, kila siku, kwa miaka kumi na moja. Lakini huenda alikuwa mtu nisiyemjua kabisa, mama ntilie wa karibu na shule yake, jirani, mtu wa utotoni aliyemwonea huruma siku moja. Nikafumbua macho. Mpishi alikuwa msichana mwembamba, mdogo kuliko nilivyomwona nikiwa nimefumba. Haikunisaidia kitu.

Wakati wa mapumziko nilitoka kwenye korido nikasimama na yule Mkongo.

"Aliwahi kukuambia lolote juu ya huyu mama mpishi?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Hapana, mama. Alikuwa anamsikiliza sana, hata mimi aliniambia nikae kimya. Lakini hakusema. Aliniambia tu kwamba huu mchezo angependa kuuona. Alikwenda ofisini kuuliza."

"Aliuliza? Lini?"

"Mwezi huu huu, kabla hajaugua. Wakamwambia viti vinavyobaki wafanyakazi wanapewa bure, siku zao za kupumzika. Eish, mama. Siku zake za kupumzika alikuwa analinda ghala kule Wynberg, kwa ajili ya chuo cha mtoto. Wewe unajua."

Nilijua habari ya ghala. Habari ya kuuliza ofisini sikuijua. Nilirudi ndani nikakaa mpaka mwisho, na sikumbuki mchezo uliishaje.

Baada ya wiki tatu walitupa ruhusa turudi naye nyumbani. Niliomba likizo dukani, nikaleta cherehani ya mkono, nikaiweka karibu na kitanda chake ili asilale peke yake akitazama dari. Hapo ndipo nilipomshona dubu wa mpishi, mbele ya macho yake. Nilimkata, nikamjaza pamba, nikamtia macho. Kila hatua nilimwonyesha, naye akasema haya, nami nikawa ninajaribu kusoma ni haya ya namna gani. Nilimtengenezea mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito. Nilimshonea sufuria ndogo ya kitambaa cha fedha. Mwisho nikamfunga aproni kiunoni, kama ilivyo kwenye picha, na kamba nikaifunga nyuma kwa fundo.

"Ni yeye?" nilimuuliza, nikamweka dubu kifuani pake.

Safari hii hakusema neno. Alimshika kwa mkono wa kushoto, akamgeuza. Kwa vidole vile vilivyokuwa bado vinajifunza kazi, akalivuta fundo la aproni mpaka likafunguka. Ilichukua muda, nami nilijizuia nisimsaidie. Akaitoa aproni kiunoni, akaiinua, akaiweka juu ya kichwa cha dubu. Ncha moja ikaanguka begani.

Wanawake wote wa kwetu hujitupia kanga kichwani namna ile. Mama yake, dada yake, jirani, mimi nikienda kufungua mlango. Hata leo siwezi kusema kama alikuwa ananijibu au kama mkono ulichoka tu na kitambaa kikaangukia pale kilipoangukia. Nilimtazama usoni. Alikuwa ametulia. Nikachukua sindano, nikakishona kitambaa pale pale alipokiweka, kwa mishono midogo isiyoonekana, huku dubu akiwa bado mikononi mwake.

Alifariki mwezi wa Septemba, mchana, kiharusi cha pili. Nilikuwa jikoni ninaponda ndizi za kumlisha. Binti yetu ndiye aliyekuwa naye.

Alikuwa akisema siku zote kwamba atazikwa Tanga, karibu na baba yake. Lakini maiti ya Muislamu haikai, na safari ni ndefu, na ndugu zake walisema kwa simu, mzikeni huko, ardhi ya Mungu ni moja. Akazikwa kesho yake asubuhi, wanaume wa msikiti wetu wakiwa wamembeba, dada yake akitazama kwenye simu iliyoshikwa na kijana wa Kizanzibari, mpaka mtandao ukakata. Yule mlinzi wa Bukavu alikuja, akavua kofia, kisha akaona wengine wamevaa kofia akairudisha. Msimamizi wa mavazi alikaa na sisi wanawake nyumbani, kichwani ana skafu ya hariri aliyoifunga vibaya. Hakujua maneno yetu. Alikaa chini kwenye mkeka na goti lake bovu, saa nne nzima, akawa anapokea vikombe na kuvipitisha.

Novemba nilimpelekea msimamizi wa mavazi yule dubu. Alimtazama mpishi mwenye mtandio, akatazama picha yake.

"Kwenye mchezo aproni iko kiunoni," alisema taratibu.

"Mume wangu ndiye aliyeiweka hivi."

Akaitikia kwa kichwa. Akamvika kikaratasi mkononi, kile kinachoeleza dubu ni nani na ametengenezwa na nani. Safari hiyo aliandika majina mawili, langu na la mume wangu.

Siku ya mnada ukumbi ulijaa. Nilikaa na binti yangu safu ile ile ya nyuma. Muda ulikuwa umewaishia, kwa hiyo mpiga mnada, mtu mcheshi, alikuwa hasomi vikaratasi, anawainua dubu tu na kutaja mhusika. Alipofika kwa mpishi akasema, "Na huyu hapa ni mpishi wetu wa bwenini," akamtazama tena, "naona leo anakwenda kanisani." Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Binti yangu alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Walishindana watu wawili wa ukumbini, kisha akaingia mtu wa tatu kwa simu, mtu ambaye hakuwepo, anayesemewa na msichana aliyesimama pembeni na simu sikioni. Huyo ndiye aliyemchukua. Nyundo ikagonga, dubu akawekwa kwenye sanduku, na mnada ukaendelea na dubu wa zimamoto.

Sikutegemea kwamba nitaumia namna ile. Nilikuwa nimeshona dubu wote wale nikawaacha waende bila kugeuka. Baada ya mnada nilimfuata msimamizi wa mavazi kwenye chumba chake, nikamwomba aniambie nani amemnunua. Alikwenda kuuliza ofisini, akarudi amesikitika. Mnunuzi ameomba asitajwe.

"Ukitaka, andika barua," alisema. "Ofisi itamtumia. Nitahakikisha mimi mwenyewe."

Nilikaa na karatasi wiki nzima. Mwanzoni niliandika kwamba ninaomba kumnunua tena, nikaichana, maana fedha zile zilikuwa zimekwisha kwenda kwa watoto wagonjwa na mtu yule alitoa kwa nia njema. Niliandika tena nikimsimulia mume wangu alikuwa nani, ikawa ndefu, nikaona ninamtwisha mgeni msiba usio wake. Mwishowe niliandika mistari michache kwa Kiswahili, na binti yangu akaitafsiri chini yake kwa Kiingereza. Nilisema mimi ndiye niliyemshona dubu wako. Nilisema kitambaa cha kichwani hakikuwekwa kwa makosa, tafadhali usikishushe kiunoni, na mishono ikifumuka niletee, nitaishona bila malipo, nipo Kensington.

Sasa ni mwaka na miezi na sijapata jibu. Binti yangu anasema huenda mtu yuko nchi nyingine, huenda barua imelala kwenye droo ya mtu. Msimamizi wa mavazi alinipigia simu majira ya baridi yaliyopita, akasema kuna mchezo juu ya mganga wa meno na kama niko tayari. Nilimwambia siwezi. Hakunisukuma. Alinitumia hata hivyo mfuko wa mabaki ya vitambaa, na kuna siku nilitumia kipande cha bluu kutilia bitana koti la mteja.

Dukani wateja wakiniuliza kama bado ninashona wale dubu, ninawaambia nimepumzika. Kisha ninawauliza wanataka suruali ifupishwe kiasi gani, wanaonyesha kwa kidole, nami ninapiga magoti na pini zangu.